Jibu: Napataje muda wa Mungu na kazi hizi?
Pole na majukumu, dada. Umesema unatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, unarudi usiku, na ukishika Biblia tu usingizi unakubeba. Nilipita humo humo nikiwa na mtoto mchanga.

Kosa langu lilikuwa kumwachia Mungu makombo ya siku. Hamishia asubuhi, hata dakika kumi kabla hujawasha jiko. Marko 1:35, Yesu aliondoka alfajiri kungali giza akaenda kuomba, na jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa mlangoni na wagonjwa! Uchovu anaujua.

Anza na zaburi fupi. Ya 117 ina mistari 2 tu. Ya 119 yenye mistari 176 iache kwa siku ya mapumziko. Chukua mstari mmoja uutafune kwenye daladala mpaka Posta, foleni ya barabara ya Kilwa inatosha kabisa. Ila tumia Biblia ya karatasi. Mimi ya kwenye simu ilikuwa inaniishia kwenye status za watu.

Ukiruka siku, endelea ulipoishia. Usianze kulipa madeni ya sura, hapo ndipo wengi tunakata tamaa.