Maswali ya Walimu: Insha Moja, Alama Tatu

Barua nyingi za mara hii zimetoka mkoani Tabora, na karibu zote zinagusa alama za insha katika shule za msingi. Jopo letu la walimu wa lugha linajibu.

Tuna mikondo mitatu ya Darasa la Sita. Wastani wa insha mkondo A ni 10 kati ya 20, mkondo B ni 13. Mwalimu mkuu anataka B wapunguziwe alama tatu ili mikondo ilingane. Je, ni sawa?
*Mwalimu wa taaluma, Sikonge*

Msipunguze kitu kwanza. Kwa wastani peke yake huwezi kujua kama mwalimu wa B ni mpole au wanafunzi wake wanaandika vizuri zaidi. Mtajua pale insha zilezile zitakapopita mikononi mwa walimu wote watatu.

Kabla ya kusahihisha, kila mwalimu apitie rundo lake harakaharaka na kutoa insha nne: moja nzuri, moja dhaifu, mbili za katikati. Hizo ni 12. Funikeni majina, zipeni namba, kisha kila mmoja azisahihishe zote bila kuulizana, alama aziandike kwenye karatasi yake mwenyewe. Insha isiguswe na kalamu nyekundu, maana anayefuata akishaona 15 iliyozungushiwa duara, naye atakaribia 15 hata asipokusudia. Kwa dakika nne kila insha, kazi inakwisha ndani ya saa moja. Mashine ya kudurufu haihitajiki, karatasi zinazunguka tu.

Halafu chora jedwali ubaoni. Tuseme kwa insha tano za kwanza mwalimu wa A ametoa 9, 12, 7, 14 na 10, na wa B ametoa 12, 15, 10, 17 na 13. B yuko juu kwa tatu kila mahali, na aliye wa kwanza kwa A ni wa kwanza kwa B. Huo ni upole tu, na hapo ndipo wazo la mwalimu mkuu linapofaa: mkondo wa B washushwe alama tatu.

Sasa mwalimu wa C ametoa 13, 9, 11, 12 na 8. Jumla yake ni 53, ya A ni 52. Ukitazama wastani utasema hawa wawili wanaelewana, kumbe ndio wenye tatizo kubwa kuliko wote. Insha ya kwanza C kaiongeza nne, ya pili kaishusha tatu. Wanatazama vitu tofauti, pengine mmoja mtiririko wa mawazo, mwingine urefu na mwandiko. Hapo hakuna hesabu ya kuongeza wala kupunguza itakayosaidia. Wakae, wakubaliane vigezo, na mkondo wa C usahihishwe kwa makubaliano hayo mapya.

Mgawanyo unaofanya kazi vizuri kwa alama 20 ni maudhui 6, lugha 5, mpangilio wa aya 4, tahajia na alama za uandishi 3, mwandiko 2. Tofauti ya alama moja au mbili kwa jumla iacheni, ni ya kawaida. Ikifika tatu, tafuteni imetokea kwenye kigezo kipi. Mkibishana kuhusu maudhui, mmoja aisome insha kwa sauti wengine wakisikiliza tu. Mwandiko mzuri hujipatia alama mbili zake, kisha huchota nyingine kwenye maudhui bila msahihishaji kujua. Insha ikisomwa kwa sauti, mwandiko hauna pa kujificha.

Wanafunzi wetu wengi nyumbani wanazungumza Kinyamwezi, na wanachanganya l na r. Mwenzangu anakata alama kila neno, mimi nakata mara moja. Nani yuko sahihi?
*Mwalimu wa Darasa la Tano, Urambo*

Tunasimama na wewe. Chukua sentensi kama hii: “Siku ile tulifulahi kwa sababu baba alireta sukali na mama akapika chai.” Maneno matatu yamekosewa, lakini kosa ni moja. Mwenzako akikata matatu, kigezo cha tahajia kimekwisha kabla insha haijafika aya ya pili, na mtoto aliyekosea l na r tu analingana na yule asiyeweka hata nukta. Tena sentensi yenyewe imekamilika, wakati wa vitenzi umekaa sawa, sababu imetolewa, na “akapika” imeshika mfuatano wa matukio. Hayo yote yana alama zake kwenye lugha.

Andikeni kwenye mwongozo wa usahihishaji: kosa la aina moja linakatwa mara moja kwa insha nzima, na linakatwa kwenye tahajia tu. Hata “tulikwenda kura wali” likatwe hukohuko. Anayejifanya hakuelewa ni msahihishaji.

Nina wanafunzi 118. Nikifika katikati ya rundo najikuta mkali kuliko nilivyoanza.
*Kaliua*

Kila ukimaliza insha 30, rudia tatu za mwanzo bila kutazama alama ulizozipa. Ikionekana umehama, pumzika, kisha rekebisha kuanzia pale ulipohama. Usisahihishe kwa mpangilio wa mahudhurio, vinginevyo walewale wa mwisho wataumia kila muhula.

Nasikia kule England uandishi unapimwa na mwalimu wa darasa mwenyewe. Haleti upendeleo?
*Afisa Elimu Kata, Uyui*

Ni kweli. Mwishoni mwa shule ya msingi, watoto wakiwa na miaka 11, mwalimu hupima uandishi kwa kazi mbalimbali alizoandika mwanafunzi, si kwa insha moja. Ndiyo maana mamlaka za mitaa hutakiwa kuhakiki angalau asilimia 25 ya shule kila mwaka: mhakiki hukaa na madaftari na mwalimu hueleza alichokiona.

La kuiga katani kwako ni swali ambalo wahakiki wale hulikazania: mtoto aliandika mwenyewe? Fungua madaftari kumi. Yote yakianza na “Hapo zamani za kale”, si neno. Lakini sentensi ya pili na ya tatu nazo zikifanana hadi mkato, hizo zilitoka ubaoni. Kazi hiyo ni nzuri kwa kufundishia, ila haipimi uandishi wa mtoto. Omba nyingine.

Mwanangu alitangaziwa 16 kwenye insha, wiki iliyofuata ikawa 13. Shule inaruhusiwa?
*Mzazi, Tabora Mjini*

Kushusha kunaweza kuwa halali, kama alama za mkondo mzima zimewianishwa kwa kiasi kilekile. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, uliza kama walioshushwa ni wote au mwanao peke yake, na uombe kuonyeshwa insha pamoja na mwongozo. Kosa la shule ni kutangaza mapema. Alama za insha zinapaswa kukaa kwa penseli mpaka kikao cha walimu kimalizike.