Mteja akitoka gerezani, karatasi peke yake haimfikishi kliniki

Kuna mzee mmoja alinifundisha hii kazi kuliko kozi zote nilizowahi kukaa. Alikuwa anatibiwa sonona na ulevi wa miaka mingi, timu yangu ya ustawi ilikaa naye ndani karibu mwaka mzima, na siku anatoka faili lake lilikuwa linapendeza kweli, mpango wa kutoka upo, saini zipo, mhuri upo, barua ya rufaa ya kwenda kliniki ipo, na dawa za siku 7 kwenye bahasha. Katoka Ijumaa saa kumi jioni. Miadi yake kliniki ni Alhamisi, tena sio ile ya wiki inayofuata, ile ya mbele yake. Hesabu mwenyewe. Dawa za siku 7, miadi siku ya 13, na mimi msimamizi nililipitia lile faili nikaweka saini bila kuona chochote.

Haikupita miezi miwili karudi ndani. Nikaenda kumwona, shikamoo mzee, ilikuwaje tena? Hakunilaumu hata kidogo, akasema tu, "Mwanangu, mimi nilienda. Nilifika mpaka getini kwao. Mlinzi akaniuliza unaenda kwa nani, nikampa karatasi, akasema mbona jina halisomeki, nikaona aibu nikageuza." Ile barua yetu ilikuwa bado kwenye vitu vyake vilivyoandikishwa mapokezi, imekunjwa mara tatu, na jina la mtu wa kumpokea lilikuwa pale pale kwenye mkunjo, limefutika. Nimewaza ule mkunjo kwa muda mrefu sana.

Sasa naandika hii kwa ajili ya wewe ambaye umepandishwa juzi juzi kusimamia timu ya ustawi inayohudumia watu wenye kesi, mahabusu, wafungwa, walio kwenye probesheni (yaani waliohukumiwa kubaki nje ya gereza chini ya uangalizi). Ukiwa mhudumu wa kawaida unawaza kikao chako na mteja wako. Ukiwa msimamizi kazi yako kubwa ni zile sehemu ambapo mtu anatoka mkono huu kwenda mkono ule, maana hapo ndo wanapotuponyoka, na hapo hakuna mwenyewe. Gereza linasema huyu ameshatoka, kliniki inasema huyu hajafika, na kila mmoja yuko sahihi kwa upande wake.

Na sio suala la usumbufu tu, watu wanakufa. Kuna utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu waliotoka magereza ya jimbo la Washington kule Marekani, ulikuta kwamba ndani ya wiki 2 za kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na kilichoongoza kuwaua ni kuzidisha dawa za kulevya. Sababu yake inaeleweka kabisa ukiifikiria, mtu amekaa ndani miezi, mwili umeshasahau kile kipimo, akitoka anarudia kiwango chake cha zamani, kichwani mwake yeye ni yule yule, mwili sio ule ule. Kwa hiyo kwa mteja wa heroini haya maneno tunamwambia wazi kabla hajatoka, tena zaidi ya mara moja, kwamba kiwango chako cha zamani sasa hivi kitakuua, usitumie ukiwa peke yako, na kama naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini) inapatikana aondoke nayo mkononi na mtu anayeishi naye afundishwe kuitumia. Kuna wahudumu wanaona kumwambia hivyo ni kama kumruhusu. Mimi naona kunyamaza ndo kubaya zaidi.

Kisheria pia hatubuni kitu. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, ile ya 24 inataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani na matibabu yasikatike, ya 107 inataka maisha yake ya baada ya kutoka yafikiriwe tangu anaanza kifungo. Tangu anaanza jamani, sio wiki ya mwisho.

Kwa mahabusu ndo ngumu kabisa, sababu huyu tarehe ya kutoka haijulikani, anaenda mahakamani asubuhi kwenye kesi yake, hakimu anafuta au dhamana inakamilika, mchana huyo yuko barabarani na dawa zake zimebaki ndani. Kwa hiyo timu yangu nimewaambia kila kikao na mahabusu kichukulieni ndo cha mwisho. Siku ya kwanza tu tunataka namba za watu wawili wanaoweza kujua alipo, na sio mke peke yake, maana mke anaweza akawa ameshahama au ndo mlalamikaji kwenye hiyo kesi (imetukuta hiyo, tukampigia mlalamikaji kumuulizia mshtakiwa, sitaki hata kukumbuka). Kila Alhamisi tunapitia orodha ya wenye kesi wiki inayofuata, na wanaotumia dawa wanaandaliwa bahasha yao kabla hawajapanda gari la mahakamani. Halafu jenga urafiki na karani anayeshika daftari la wanaotoka. Barua zangu kwa wakubwa zilikaa miezi kwenye trei, yule karani akinipigia simu saa nne "dada, wako wawili wanatoka leo" nimeshaokoa watu wawili.

Na rufaa siku hizi haitoki kwa barua peke yake. Mhudumu anapiga simu kliniki mteja akiwa amekaa hapo hapo, simu iko kwenye spika, wanasalimiana, yule wa kliniki anajitambulisha na anamwambia ukifika getini sema unakuja kwangu. Dakika 10 haziishi. Na hakuna miadi inayopangwa kupita siku dawa zinapoisha, hilo nimelibandika ukutani kwa maandishi makubwa.

Suala lingine lililonigharimu ni siri za mteja. Afisa wa probesheni anapiga simu, tena kwa upole tu, huyu jamaa yenu vipi anaendeleaje? Mdogo wangu mmoja kazini, kijana mzuri na anajituma, akajibu kama anavyopiga stori, ah anajitahidi, juzi aliteleza kidogo akatumia ila amerudi kwenye mstari. Wiki iliyofuata mteja kafutiwa probesheni. Wateja wanaongea wao kwa wao, ukumbini, kwenye foleni, kwenye gari. Miezi miwili nzima hakuna mteja aliyetuambia kitu, kila ukiuliza hali, "niko poa", wote wako poa, hata yule ambaye mikono ilikuwa inatetemeka mbele yangu.

Simlaumu yule kijana maana mimi sikuwahi kumwambia aseme nini. Sasa tuna makubaliano ya maandishi na watu wa probesheni, tunawajulisha kama mteja anahudhuria au hahudhurii, basi, zaidi ya hapo mpaka mteja mwenyewe akubali kwa saini, au mahakama iagize, au kuwe na hatari ya kweli kwa maisha ya mtu. Mteja anaelezwa haya siku ya kwanza kwa lugha ya kawaida, hiki kinaenda mahakamani, hiki kinabaki humu. Na kama una watu wa kutosha usimpe mtu mmoja kumtibu mteja na pia kumwandikia ripoti ya hakimu. Mimi wakati mwingine sina, inabidi, ila angalau mteja anajua siku hiyo anaongea na nani.

Kugawa kesi pia kuna mtego wake. Kuna wanasaikolojia wa Kanada, Andrews na Bonta na wenzao, walishaandika tangu 1990 kwamba nguvu kubwa ielekezwe kwa wale wenye uwezekano mkubwa wa kurudia kosa, na ukimchukua mwenye uwezekano mdogo ukamsukumia kwenye programu nzito unaweza ukamharibu. Nilikuwa nalijua hilo kwa mtihani. Halafu siku moja kikundi changu cha kurekebisha tabia kimepungukiwa watu na mkubwa anataka idadi, nikajazia kijana mmoja wa kosa la kwanza, mtu ana ajira yake na mama anayemsubiri nyumbani. Ajira ikafa sababu ya vikao vya mchana, na marafiki wapya akawapata humo humo kikundini. Ila angalia usichanganye, uwezekano wa kurudia kosa na ukali wa ugonjwa ni vitu viwili, mtu anaweza kuwa anasikia sauti na anahitaji matibabu kila wiki wakati kosa lenyewe hatalirudia maisha yake yote. Huyo mpe daktari na usimjazie madarasa ya kurekebisha tabia.

Kuhusu wafanyakazi wako sitasema sana. Lisaa limoja kila wiki na kila mhudumu, mlango umefungwa, mnaongea kesi na zinavyomkaa yeye, sio fomu za likizo. Mimi dalili naziona kwenye maandishi kabla ya usoni, mtu aliyekuwa anaandika ukurasa mzima kwenye faili anaanza kuandika "ameonwa, anaendelea vizuri". Au anaanza kusema hawa hawabadiliki hawa. Akifika hapo simpi kesi mpya kwanza, namuuliza ni nani aliyemchosha, na mara nyingi jina linatoka haraka.

Yule mzee alipotoka mara ya pili ilikuwa Jumanne asubuhi, mhudumu wetu akaenda naye mpaka kliniki. Miadi ya pili hakutokea, ya tatu hakutokea, ya nne akaja akiwa amelewa kidogo na wakampokea hivyo hivyo. Bado anaenda.

Na kwenye ripoti ya mwezi nimeacha kuhesabu mipango ya kutoka iliyokamilika, maana hiyo ilikuwa inatupa sifa kila mwezi. Nahesabu waliofika kliniki na kuonwa ndani ya siku 7. Mwezi wa kwanza hata nusu hawakufika, mkubwa akaniita, mbona utendaji umeshuka ghafla hivi? Nikamtolea ile barua ya mzee nikaikunjua mezani kwake.