Jeni ya saratani haina mwenyewe

Dada wa Moshi, pole kwa kuuguza mama. Umeuliza kama kweli kampuni ya Marekani inamiliki jeni ya saratani ya matiti, na kama ukipimwa utailipa.

Ilikuwa hivyo huko Marekani. Kampuni ya Myriad Genetics ilishikilia hataza (haki za kisheria za umiliki) za BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti; kipimo chake kikazidi dola 3,000. Kitu tulichorithi kwa bibi zetu! Muswada wa 2007 wa kupiga marufuku hataza hizo haukupita. Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyoamua, Juni 2013, kwamba jeni ya asili haimilikiwi.

Basi usiogope hilo. Nenda hospitali ya KCMC, kitengo cha saratani. Kwanza andika nani katika ukoo aliugua, akiwa na umri gani, hata upande wa baba. Jeni hizi hurithiwa pande zote mbili.