Wasomaji Wauliza: Nina Saa Moja na Cherehani, Nimsaidie Nani?

Barua nne kati ya zile tulizozipokea tangu mvua zianze kukatika, kutoka Uyole, Mafinga, Njombe na Iringa mjini, zinauliza mambo yanayokaribiana sana: mtu wa kipato cha kawaida aanzie wapi kuwasaidia wenzake bila kusubiri siku atakayokuwa na fedha za ziada. Nimezijibu zote hapa. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu naamini wengi watajiona ndani yake.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, nina miaka 34 na watoto wawili. Kila Desemba naona vikundi vya watu waliovaa fulana za kufanana wakipeleka maboksi ya sabuni, mafuta na biskuti kwenye vituo vya watoto, wakapiga picha na kurudi. Nami natamani kutoa, lakini nikishalipa kodi ya fremu, umeme na chakula cha wanangu, kinachobaki hakitoshi hata katoni moja ya sabuni. Naambiwa kila siku kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Huo moyo niupeleke wapi na mikono mitupu?
*Fundi, Uyole*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nikusimulie jambo lililonipata.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu cha akina mama kilichanga kwa miezi mitatu, tukapeleka mizigo kwenye kituo kimoja cha watoto cha huku kwetu katika wiki ya Krismasi. Mlezi alitupokea kwa heshima na kutushukuru, kisha akanivuta pembeni akanifungulia stoo. Rafu zilijaa sabuni na biskuti mpaka juu, baadhi ya biskuti zikikaribia kuisha muda wake, na nguo za mitumba zilikuwa kwenye viroba ambavyo hakuna aliyepata nafasi ya kuvifungua. Aliniambia kwa upole kwamba ifikapo Juni, baridi inapokaza na kuni zinapohitajika kuliko wakati wowote, hakuna mgeni anayebisha hodi, na kwamba asubuhi ile ile alikuwa na mtoto anayetakiwa kliniki na hakuwa na mtu wa kumsindikiza. Niliona aibu, kwa kuwa katika miezi yote mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyepiga simu kuuliza. Tangu siku hiyo nimeshika mambo mawili: kuuliza kabla ya kutoa, na kutoa kwa siku inayojulikana.

Sasa tuje kwako. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali ilibeba ada, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki kuwa wajibu wa wazazi. Sare ndiyo kazi yako. Nenda shule ya msingi iliyo karibu na fremu yako, umwone mwalimu mkuu, umweleze kwamba kila Alhamisi kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri utarekebisha sare za watoto ambao walimu watakuelekeza. Waache walimu wachague, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni mtoto gani hukaa dawati la nyuma akishikilia shati lisilo na vifungo, na ni nani hukosa shule siku ambayo kaptura yake moja tu imefuliwa na haijakauka.

Wewe ni fundi na huhitaji kufundishwa kazi yako, ila niseme jambo moja ambalo nimeliona kwa macho. Ukifumua pindo la sketi ya msichana aliyerefuka, chini yake hutokea ukanda wa bluu iliyokolea, kwa sababu jua na sabuni havikuwahi kuufikia, na ule mstari wa kunjo la zamani hubaki ukionekana hata ukipigwa pasi mara tano. Msichana wa darasa la sita anaweza kuona haya kuvaa sketi yenye rangi mbili, akarudi kuivaa ile fupi au akabaki nyumbani. Utepe mwembamba wa bluu ukishonwa juu ya mstari huo hufanya sketi ionekane kama ilivyoshonwa tangu mwanzo, na kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Kaptura iliyochakaa makalioni, nayo, hupata kiraka kizuri kutoka kwenye mfuko wake wa nyuma, kwa kuwa kitambaa cha mfuko kimepauka sawa na kaptura yenyewe.

Mabaki ya flana na pamba yanayolala chini ya meza yako yana kazi pia. Taulo ya kike ya kufua huhitaji tabaka laini la pamba linalogusa mwili, matabaka mawili au matatu ya flana ya kunyonya, kitambaa kisichopitisha maji upande wa chini, na vifungo vya kubana. Ningependa zaidi uwafundishe wasichana wenyewe kuishona, mbele ya mwalimu wa kike wanayemwamini, kuliko kuwagawia zilizokwisha kushonwa. Waambieni wazi kwamba taulo hizo hufuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, kwa maana wengi huzificha chini ya godoro zikiwa na unyevu, na katika miezi yetu ya ukungu hazikauki kabisa. Siku ambazo jua halionekani, pasi ya moto itasaidia.

Kuhusu uzi na zipu, zungumza na mafundi wawili au watatu wa jirani, maana wao nao wana mabaki. Na tafadhali, usiahidi zaidi ya hiyo saa moja. Nimewaona watu wema wakianza kwa siku tatu kwa wiki, kisha mwezi wa pili wakachoka na kutoweka bila kuaga, na mtoto aliyekuwa akiisubiri Alhamisi yake akajifunza kutosubiri tena.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mafinga. Mwaka jana usiku nilimpeleka hospitali mama aliyekuwa na uchungu wa kujifungua. Baadaye ndugu zake waliambiwa watafute watu wa kumtolea damu. Nilitaka kutoa lakini niliogopa. Wenzangu kijiweni wanasema ukitoa mara moja itabidi utoe maisha yako yote, tena unadhoofika, na damu yenyewe inauzwa. Ukweli ni upi?
*Dereva, Mafinga*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu akubariki kwa safari ile ya usiku.

Hayo ya kutoa maisha yote hayana msingi. Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu, na chupa moja inayotolewa ni mililita 450, pungufu kidogo ya chupa ndogo ya maji ya kunywa. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu hujazwa tena na mwili wenyewe katika wiki zinazofuata. Anayeruhusiwa kutoa ni mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, na ambaye wingi wa damu yake, ukipimwa kwa tone la kidoleni, umeonekana kutosha. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla haijafika kwa mgonjwa. Nayo haiuzwi: utaratibu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama ni wa wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na mgonjwa hapaswi kudaiwa malipo ya damu. Ukisikia mtu ameombwa fedha kwa ajili ya chupa ya damu, jambo hilo liripotiwe kwa uongozi wa hospitali, wala lisiwe sababu ya watu wema kukaa nyumbani.

Ninalotaka ulibebe hadi kijiweni ni hili. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua akina mama wazazi, na mama wa namna hiyo hana muda wa kusubiri ndugu wazunguke mji wakitafuta mtoaji. Damu inayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na iliyomo kwenye jokofu saa hiyo hiyo. Hata hivyo, chupa ya damu ikihifadhiwa kwa njia ya kawaida haikai zaidi ya siku 35. Watu hujitokeza kwa wingi tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo iliwekwa kwenye tarehe ya kuzaliwa kwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu, na hilo ni jema. Lakini hesabu utaona kwamba kabla Julai haijaisha, damu yote ya siku hiyo ama imetumika ama imeisha muda.

Kwa hiyo, kama kijiweni kwenu mpo madereva 12 wenye afya, msiende wote siku moja. Gawanyikeni katika makundi matatu ya watu wanne wanne, kila mwezi kundi moja liende, na kundi la kwanza litakapofikiwa tena miezi 3 itakuwa imetimia. Ulizeni kwenye maabara ya hospitali iliyo karibu nanyi ni siku gani wanapokea wachangiaji. Ukishatoa, kaa pale robo saa, kunywa maji au soda, kula kitu, na usirudi barabarani na abiria siku hiyo. Mwenzako akupakie hadi nyumbani. Kula maharage, mboga za majani, dagaa na nyama ukipata. Neno moja zaidi kwa watu wa Mufindi, ambako chai ni zao na ni kinywaji cha kila saa: chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, basi isubirini saa moja baada ya mlo.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Njombe. Wanangu wote wako Dar es Salaam na nyumba ina vyumba vitano vitupu. Nimekusudia kuchukua watoto yatima kumi na kufungua kituo. Naomba ushauri wa hatua za kufuata.
*Mwalimu mstaafu, Njombe*

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Kusudio lako ni la upendo, na ndiyo maana nitakujibu kwa uwazi: naomba usifungue kituo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na hakuna anayeruhusiwa kuwakusanya watoto nyumbani kwake kwa sababu tu ana vyumba. Lakini hata leseni ikipatikana, fikiria watoto wenyewe. Njombe ni mkoa ambao upimaji wa kitaifa umeonyesha zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 10 anaishi na virusi vya UKIMWI, na ugonjwa huo, hasa kabla dawa hazijaenea, uliacha watoto wengi mikononi mwa bibi zao. Bibi huyo anampenda mjukuu wake, anamfahamisha ukoo wake, na shamba la baba yake analijua mpaka wake. Anachokosa ni mtu wa kumlimia viazi mgongo unapomuuma, wa kumwandikia barua ya shule, na wa kumpeleka mtoto kliniki tarehe ya dawa inapofika. Mtoto akihamishiwa kwako atapata chumba, ila atapoteza hayo mengine, na bibi atabaki peke yake.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, uulize ni kaya zipi za jirani zinazoweza kutembelewa, ukachukue mbili tu. Ikiwa yupo mtoto asiye na ndugu kabisa, sheria hiyo hiyo inaruhusu malezi ya kambo, na afisa atakupima na kukuongoza. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, baraza ya nyumba yako inatosha kwa watoto wanane wa darasa la pili na la tatu wasiojua bado kusoma, kila Jumamosi kwa saa mbili. Kazi hiyo wachache wanaiweza, na wewe umeifanya maisha yako yote.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Iringa. Kila siku kwenye makundi ya simu huletwa picha ya mgonjwa na namba ya kutuma fedha. Tunatuma elfu mbili mbili, lakini hatujui kama zinafika. Tufanyeje?
*Wanafunzi sita, Iringa*

JIBU: Marahaba, wanangu. Ulizeni jina la hospitali, kisha ombeni kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Katika hospitali za serikali malipo yote hupita huko, na fedha zenu zitaingia moja kwa moja kwenye deni la mgonjwa. Anayekataa kuwapa namba hiyo, msimtumie. Wala msiisambaze picha ya mgonjwa akiwa kitandani, kwa maana huenda hakuulizwa.

Mkiwa na nafasi, mmoja wenu afike wodini saa za kuona wagonjwa, amwulize muuguzi wa zamu ni nani ambaye hajatembelewa tangu alazwe. Daima yupo, mara nyingi ni mtu aliyetoka mbali, Kilolo au Pawaga, ambaye ndugu zake wamekwama kwa nauli. Mpelekeeni uji kwenye chupa ya chai, sabuni ya kipande na vocha ya kupiga simu nyumbani, mkiwa mmemwuliza muuguzi kwanza kama uji huo unaruhusiwa.