Maswali na Majibu: Sensa ya Kupigia Nebula na Galaksi

SWALI: Darubini yangu ni ya lenzi, kipenyo milimita 80, urefu wa fokasi milimita 480. Nichukue kamera yenye sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya IMX183 au IMX533? Ya kwanza ina megapikseli 20, ya pili 9 tu.

JIBU: Megapikseli zisikubabaishe. Zidisha ukubwa wa pikseli, kwa mikromita, mara 206, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Pikseli za IMX533 ni mikromita 3.76, kwa hiyo kila moja itafunika sekunde za tao 1.6 za anga (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi moja). Za IMX183 ni 2.4, nazo zitafunika takriban 1. Sasa, hewa yenyewe kwa kawaida huivuruga nyota ikapanuka hadi sekunde za tao 2, hata 4. Pikseli ndogo hazitakupa undani mwingi wa ziada. Zitagawana tu mwanga uleule. Pikseli moja ya IMX533 hupata mwanga karibu mara mbili na nusu ya ile ya IMX183.

Halafu IMX183 huota mng'ao pembeni picha inapochukua dakika kadhaa. Huondolewa kwa fremu za giza, zile zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, ila lazima zilingane na picha zako kwa muda, geini (kiasi kamera inachokuza ishara) na halijoto. Kipozeo cha kamera kikifanya kazi kwa asilimia 100 halijoto huyumba, na mng'ao haufutiki sawasawa. Panga nyuzi za joto ambazo kitazimudu bila kuzidi asilimia 80.

Kasoro ya IMX533 ni udogo: mraba wa milimita 11.3, yaani nyuzi 1.35 za anga kila upande. Nebula ya Orion inaenea humo. Galaksi ya Andromeda, yenye urefu wa nyuzi 3 hivi, haienei. Ukiitaka nzima, tafuta IMX571 (pikseli zilezile, milimita 23.5 kwa 15.7) na uilaze galaksi kimshazari. Hakikisha kwanza lenzi ya kusawazisha uga (inayofanya nyota ziwe kali hadi pembeni) inatoa duara safi la picha la milimita 28, la sivyo nyota za pembeni zitavutika.

SWALI: Ya rangi au ya nyeusi na nyeupe?

JIBU: Ya rangi, kama mawingu hukukatiza mara kwa mara. Katika sensa ya rangi pikseli moja tu kati ya nne huona wekundu wa hidrojeni (nanomita 656), kwa hiyo nyeusi na nyeupe hushinda kwenye nebula. Lakini inadai vichujio vya rangi na gurudumu la kuvibadilisha, kwa kuwa kila rangi hupigwa peke yake, na wingu likitanda umemaliza nyekundu pekee, picha ya rangi huna.