Mashine ya randa inayogoma kuvuta ubao

Swali: Mashine yangu kuukuu ya kuranda na kusawazisha unene huacha kuvuta ubao katikati ya kazi, ingawa mota inazunguka na visu vimenolewa. Nifanyeje?

Jibu: Chomoa waya wa umeme, kisha papasa rola za kuvutia bila kugusa visu. Zikiwa na utando wa utomvu uliokauka, meno yake hayawezi kuushika ubao. Zisugue kwa brashi na mafuta ya taa, uzipanguse hadi zikauke kabisa. Pakaa meza nta, kwani meza yenye kutu huuzuia ubao hata rola zikiwa nzima, na jambo hili husahauliwa mno. Ubao ukizidi kukwama, kagua springi zinazokandamiza rola, pamoja na mnyororo au mkanda unaozizungusha. Unapoijaribu tena, randa milimita 1 tu kwa kila mpito.