Maswali yenu: kingereza kinaongewa wapi kweli, na wapi kipo kwenye makaratasi tu

Kamwene, ugonile, poleni na baridi. Maswali ya lugha yamerundikana na mengi yametoka kwa watu wenye safari mkononi kwa hiyo leo najibu hayo tu.

Dereva wa semi, Tunduma: Bosi kanipa ruti ya Lubumbashi kupitia Zambia. Kingereza changu ni cha form four. Si Wazambia wote wanaongea kingereza? Kitanitosha?

Kaka, kwa makaratasi kitakutosha, kwa maisha ya barabarani hakitoshi. Zambia lugha rasmi ni kingereza peke yake, yaani kastamu, polisi, mizani, hospitali, fomu zote ni kingereza, kwa hiyo maneno ya kazi yako yajue kabla hujavuka, uzito, mzigo, bima, leseni, ajali, ili afande akikuuliza usibaki unatabasamu. Ila sensa yao ya 2010 ilipouliza watu wanatumia lugha gani zaidi kwenye mawasiliano ya kila siku kingereza hakikufika hata asilimia 2, Kibemba kilichukua kama theluthi nzima na Kinyanja kikafuata. Sio kwamba hawakijui, wengi wanakijua maana wamekisomea na mjini utakisikia sana, ila wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanarudi kwenye lugha zao na wewe mgeni unabaki nje ya mazungumzo.

Sasa angalia njia yako ilivyo. Nakonde utakutana na Kinamwanga ambacho hata upande wetu wa Momba kipo, ukishika barabara ya Mpika, Serenje mpaka Kapiri Mposhi na kule Kopabeliti kwenye migodi Kibemba ndo kinatawala, ukipelekwa Lusaka ni Kinyanja. Tairi ikipasuka usiku sehemu haina hata duka, yule kijana atakayetoka kijijini kukusaidia salamu yake ni "muli shani", ukimjibu kwa Kibemba japo maneno mawili matatu mambo yanakuwa mepesi. Halafu ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo kingereza chako kiweke pembeni kabisa. Kongo ofisini ni Kifaransa, ila mtaani Lubumbashi watu wanaongea Kiswahili! Kina lafudhi yake na maneno yake ila mtaelewana, na Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa kule pamoja na Kilingala, Kikongo na Kichiluba. Yaani safari moja inataka lugha nne, na hiyo ya kwako ya nyumbani ndo itakulisha mwisho wa safari, usiione ndogo.

Mfanyabiashara wa mchele, Kyela: Na Malawi je?

Ofisini kingereza, mtaani Kichewa, ambacho Rais Banda alikifanya lugha ya taifa mwaka 1968, na huko kaskazini Mzuzu utakisikia zaidi Kitumbuka. Lakini ndugu yangu wa Kyela we ukivuka mto Songwe kwenda Karonga unahangaika na kingereza cha nini, Wangonde wa pale na Wanyakyusa mnaelewana vizuri tu, ongea lugha ya mama yako.

Mkulima wa parachichi, Njombe: Wanunuzi wa Uholanzi waliongea kingereza kizuri sana, ila waliokuja toka Hispania ilibidi tutafute mkalimani. Wazungu si wote wanajua kingereza?

Hapana, na hili watu wengi huku kwetu hawaliamini mpaka limkute mtu. Kuna uchunguzi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012, watu waliulizwa kama wanaweza kuongea na mtu kwa kingereza, Uholanzi asilimia 90 wakasema ndio, Sweden na Denmark 86, Ujerumani 56, Ufaransa 39, Italia 34, Hispania 22, Hungary 20. Ni miaka imepita na vijana wa sasa wanajua zaidi, ila picha hiyo bado inasaidia.

Mbona watofautiane hivyo na wote ni jirani? Uholanzi ni nchi ndogo, inaishi kwa bandari na biashara, pale Rotterdam matunda ya dunia nzima yanashuka, na Kiholanzi nje ya kwao hakina wasemaji wengi kwa hiyo lazima wajifunze lugha ya mteja. Mhispania lugha yake inaongewa nchi nyingi sana za Amerika ya Kusini na ya Kati, hana njaa hiyo. Kingine ni TV. Uholanzi na nchi za Skandinavia, yaani Sweden, Denmark na wenzao, filamu za kigeni zisizo za watoto wadogo zinaachwa na sauti yake, wanaweka maandishi chini, mtoto anakua anasikia kingereza kila jioni. Hispania, Italia, Ufaransa na Ujerumani wanaingiza sauti za lugha yao juu yake, kama muvi zinavyotafsiriwa kwenye vibanda umiza vyetu, unaelewa stori vizuri ila lugha yenyewe haikuingii. Kwa hiyo kwenye biashara yako ukipata mteja wa Hispania au Italia uliza mapema mkataba utaandikwa kwa lugha gani na nani atatafsiri, usisubiri kontena limeshajaa.

Mama wa watoto wawili, Uyole: Ada ya inglish midiam inanimaliza, ila jirani ananiambia mtoto asiposoma kwa kingereza toka vidudu hatafika popote. Nimhamishe au nivumilie?

Mama yangu hili swali limenigusa sana na ntalijibu kwa kirefu. Kwanza huyo jirani akumbuke Waholanzi hao hao, watoto wao wanasoma shule ya msingi kwa Kiholanzi, hesabu kwa Kiholanzi, sayansi kwa Kiholanzi, kingereza kinafundishwa kama somo na kinafundishwa vizuri, na matokeo yake umeyasoma hapo juu. Kufundishwa masomo yote kwa kingereza na kukijua kingereza ni vitu viwili tofauti.

Pili angalia Rwanda. Mwaka 2008 serikali yao iliamua shule ziache Kifaransa zifundishe kwa kingereza, mwaka uliofuata nchi ikaingia Jumuiya ya Madola, na walimu waliosomeshwa maisha yao yote kwa Kifaransa wakajikuta wanatakiwa kufundisha kwa lugha ambayo na wao ndo wanaianza. Leo kwenye mahoteli na maofisi ya Kigali utasikia kingereza, ila nyumbani na sokoni ni Kinyarwanda maana karibu kila mtu anakijua, wakiongee kingereza kwa shida gani? Sisi tuna Kiswahili, ni hivyo hivyo. Nigeria ni tofauti, wana lugha zaidi ya 500 na hakuna hata moja iliyowakusanya wote, ndo maana kingereza na Pijini yao, yaani kingereza cha mtaani kilichochanganyika na lugha zao, vikashuka mpaka sokoni.

Kinachoniuma mimi ni hapa kwetu, mtoto anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi halafu anafika form one anakutana na biolojia, fizikia, jiografia, vyote kwa kingereza kwa mpigo, na akili yake nzuri inaonekana mbovu kwa sababu ya lugha tu. Kwa hiyo hofu ya jirani yako naielewa na hofu yako naielewa. Ushauri wangu, nenda hiyo shule siku ya kawaida sio siku ya mahafali, omba ukae darasani kidogo, sikiliza mwalimu anavyoongea na angalia kama watoto wanauliza maswali au wanaitikia tu kwa pamoja kama kwaya ya kanisani. Kama wanaitikia tu, mama, hamisha, hiyo hela nunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya kingereza na umlipie mwalimu mzuri wa tuisheni ya kingereza. Kama wanauliza na wanaelewa basi shule ni nzuri, na kama kweli unaimudu vumilia. Ila usikope kwa ajili ya jina la shule.

Msomaji, Mbalizi: Tunampeleka baba India kutibiwa, Chennai. Wahindi wote wanajua kingereza?

Poleni sana, Mungu amjalie mzee apone. Madaktari mtaongea nao kingereza bila shida, wamesoma kwa lugha hiyo. Nje ya geti la hospitali mambo yanabadilika, kwa sensa yao ya 2011 waliosema wanajua kingereza walikuwa kama asilimia 10 tu. Wala usidharau hiyo asilimia, ni watu zaidi ya milioni 120, karibu mara mbili ya Watanzania wote tuliohesabiwa 2022. Chennai lugha ya mtaani ni Kitamil, na hata Kihindi usikitegemee, watu wa kusini walishakikataa kulazimishwa. Katiba yao ilipanga kingereza kiondoke serikalini mwaka 1965 Kihindi kibaki peke yake, kukawa na vurugu kubwa huko Tamil Nadu, jimbo lenye hiyo Chennai, kingereza kikabaki mpaka leo kwa sababu sio lugha ya kabila la mtu. Muombe mtu wa hospitali akuandikie kwa Kitamil anwani ya gesti mliyofikia, uwe unamuonyesha dereva wa bajaji.

Kijana, Makambako: Naenda Sauzi kutafuta maisha, kingereza kinatosha?

Mdogo wangu, kuomba kazi na kuelewana na watu mjini kinatosha, wengi wanakijua kama lugha ya pili au ya tatu. Ila nyumbani ni chini ya mtu mmoja kati ya kumi anayekiongea, kwa sensa ya 2022, Kizulu ndo kinaongoza kwa karibu robo ya watu. Lugha rasmi wanazo 12, ya mwisho iliongezwa 2023 na ni lugha ya alama. Jifunze Kizulu. Na nenda na vibali vyako vimekamilika, hilo hakuna lugha itakayokuokoa nalo.

Mwalimu, Iringa: Ni kweli Marekani hawakuwa na lugha rasmi?

Kweli kabisa mwalimu wangu. Toka wapate uhuru serikali kuu haikuwahi kuitangaza lugha yoyote kuwa rasmi, mpaka Machi 2025 Rais Trump aliposaini amri ya kukifanya kingereza kiwe rasmi, japo majimbo mengi yalishafanya hivyo yenyewe kabla. Na kwenye nyumba zao karibu mtu mmoja kati ya watano anaongea lugha nyingine, Kihispania kikiwa mbele. Uingereza nayo haina sheria ya jumla inayosema kingereza ndo lugha rasmi ya nchi, ila Kiwelshi kule Wales kimetambuliwa rasmi kisheria.